Mtwara hadi Dar kwa baiskeli: mwongozo wa kusafiri na marafiki na kupiga hodi kwa watu usiowajua

Wengi wanaopanga kuendesha baiskeli pwani ya kusini huanzia Dar es Salaam, wakashika Barabara ya Kilwa wakishuka kwenda Lindi na Mtwara. Nakushauri ugeuze. Pakia baiskeli kwenye basi, nenda nayo hadi Mtwara, kisha uanze kurudi nyumbani ukiwa juu ya tandiko.

Sababu ni kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo huu unavuma kutoka kusini-mashariki, na barabara ya kutoka Mtwara inapanda kaskazini-magharibi, halafu kaskazini. Wenye majahazi waliyajua haya karne nyingi kabla yetu: kwa kusi unapanda, kwa kaskazi unashuka. Baiskeli yenye mizigo ni tanga dogo. Ukienda nao, kusi unakusukuma mgongoni. Ukienda kinyume, unakula kilomita zako moja baada ya nyingine hadi ifike saa tano umechoka na hujafika popote. Miezi hiyo pia ni kiangazi kule kusini. Mvua za Lindi na Mtwara huanza mwishoni mwa mwaka na kwisha kama Aprili au Mei, kwa hiyo Julai barabara ni kavu na usiku kuna ubaridi mzuri wa kulala.

Njia kuu ina kilomita zipatazo 560. Ukiongeza kuingia Kilwa Masoko na kutoka, unapata kama 620. Sisi tulikuwa wanne na tulitumia siku kumi, tukipumzika vya kutosha. Ninayoandika hapa ni yale niliyotamani mtu angeniambia kabla sijaondoka.

Hatua ya kwanza: chagua watu

Msiwe zaidi ya wanne. Nyumba ya kawaida ya kijijini inaweza kuwatandikia wageni wanne mkeka mpana na kuongeza unga kidogo kwenye sufuria. Mkiwa wanane, mwenyeji ataanza kukopa kwa jirani, na hatawaambia.

Kama inawezekana, msiwe wanaume watupu. Kwetu wanawake walikuwa wawili, na milango mingi ilifunguka kwa sababu yao. Mama anayeishi peke yake na wajukuu hawezi kulaza wanaume wanne asiowajua, na ana haki. Akiona dada wawili wamekaa naye jikoni wanachambua mchele, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Kabla ya kuondoka kubalianeni mambo matatu kwa maneno ya wazi. Mwendo ni wa yule anayekwenda polepole kuliko wote, na yeye ndiye anakaa mbele. Fedha zote za chakula, gesti na mashua zinakaa kwa mhazini mmoja, kila mtu akitoa sawa tangu mwanzo, ili pasiwe na hesabu za maji na maandazi njiani. Na mtu akisema amechoka, hakuna kumbembeleza wala kumcheka, mnasimama. Urafiki unavunjika kwa hili la tatu kuliko kwa pancha.

Fanyeni mazoezi na mizigo ile ile mtakayobeba. Dar hadi Bagamoyo ni kilomita kama 65. Nendeni Jumamosi, mlale, mrudi Jumapili. Mkifanya hivyo mara mbili mtajua nani goti linamsumbua na nani amebeba nguo nyingi.

Hatua ya pili: baiskeli ambayo fundi wa kijijini anaijua

Usitafute baiskeli nyepesi ya bei mbaya. Tafuta mtumba mzuri wenye fremu ya chuma na magurudumu ya inchi 26, kwa sababu tairi na tyubu zake utazipata kwenye maduka mengi ya spea njiani. Tyubu iwe na valvu nene kama ya gari au pikipiki. Wenye ile valvu nyembamba wanapata shida: pampu ya kijiwe cha bodaboda haiingii, na kijiwe cha bodaboda ndicho utakachokuta kila mahali.

Keria ni jambo la kusisitiza. Weka keria ya chuma kizito, ile inayobeba gunia la mkaa, iliyofungwa kwa nati kwenye ekseli ya nyuma. Itakuongezea uzito, lakini mbele utaona kwa nini nasema hivyo. Mizigo ifunge kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Hailegei na haikatiki.

Beba tyubu mbili kila mtu, viraka na solusheni, pampu, spana, bisibisi, nyaya za breki, spoku kumi za saizi yako zilizofungwa kwenye fremu kwa plasta, kichupa cha mafuta ya cherehani kwa ajili ya mnyororo, na gololi chache ndani ya kitambaa chenye grisi. Hizo gololi sisi hatukubeba.

Siku ya nne, tukikaribia Hoteli Tatu, gurudumu la nyuma la mwenzetu likaanza kulia kama mlango wenye kutu. Tulisukuma hadi kwa fundi, kijana aliyekaa chini ya mwembe na baiskeli tatu zimegeuzwa magurudumu juu. Alifungua ekseli kwa spana aliyoichonga mwenyewe kutokana na bapa la chuma. Gololi akazimwaga kwenye kifuniko cha kopo la maziwa, akazihesabu kwa ncha ya kidole, akatenga mbili zilizopasuka. Akazisafisha zilizobaki kwa mafuta ya taa na unyoya wa kuku, polepole, moja moja. Kisha akavua mbili nyingine kwenye gurudumu la Phoenix iliyokufa zamani, akazipima machoni, akazipanga kwenye grisi mpya. Nusu saa. Gurudumu lilizunguka bila sauti.

Tulipouliza bei alisema, "Ninyi wageni. Mtanilipa siku nikija Dar." Hatukumlazimisha. Tulimwachia tyubu moja mpya na solusheni, akazipokea kwa mikono miwili. Huyo ni fundi anayeishi kwa kazi hiyo, na siku hiyo aliacha kazi ya wateja wake watatu.

Hatua ya tatu: kufika Mtwara

Mabasi ya Mtwara huondoka alfajiri. Fika kituoni jana yake, ongea na kondakta uso kwa uso, patana bei ya baiskeli na uandikiwe risiti. Toa gurudumu la mbele na pedeli, geuza usukani uwe sambamba na fremu, funga gia za nyuma kwa kitambaa kizito. Simama pale wewe mwenyewe mzigo unapoingia kwenye buti, na uhakikishe baiskeli inawekwa mwisho, juu ya magunia. Mimi niliingia kutafuta kiti mapema, nikashuka Mtwara na mkono wa breki uliopinda.

Lala Mtwara usiku mmoja. Funga baiskeli vizuri asubuhi kukiwa na mwanga, na uendeshe kidogo hadi Mikindani, kilomita kama kumi, kabla ya kuamini kuwa kila kitu kimekaza.

Hatua ya nne: mwendo wa siku

Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, mwanga unapoanza. Kunyweni chai na chapati au mihogo njiani saa mbili. Saa tano muwe chini ya mkorosho au mwembe, mlale. Saa tisa mpande tena, na saa kumi au kumi na nusu muwe mmeshafika mnapolala. Kilomita 60 hadi 80 kwa siku zinatosha. Ukisukuma 120 unafika giza, na mgeni anayefika gizani anamtia mwenyeji wasiwasi hata kama ni mtu mwema.

Bega la barabara ni jembamba sehemu nyingi. Kati ya Mtwara na Mingoyo mtakuta malori mazito, ya makaa ya mawe yanayoshuka bandarini na ya saruji. Baada ya hapo ni mabasi, na mabasi ya njia hii yanakimbia. Endesheni mstari mmoja, mkiachana mita tano. Wa mwisho awe na kioo cha kuonea nyuma. Sisi tulikuwa na neno moja tu, "Nje!", na likitamkwa kila mtu anashuka lami bila kugeuka kuuliza. Likitokea basi mbele na lori nyuma kwa wakati mmoja, shuka. Usijadiliane na gari. Usiku msiendeshe kabisa.

Hatua ya tano: njia yenyewe

Mikindani inastahili saa mbili za kutembea kwa miguu. Ni mji wa zamani wa majahazi, wenye boma la Wajerumani juu ya kilima na nyumba za matumbawe zinazomeguka taratibu. Kutoka hapo barabara inaingia ndani kwenye mikorosho, inapanda na kushuka, hadi Mingoyo, ambako ya Masasi inachepuka kushoto na ninyi mnaendelea kulia kwenda Lindi. Lalani Mingoyo, asubuhi mmalizie kilomita kama 25 za kuingia Lindi, kisha mpumzike mchana kutwa. Ghuba ya Lindi jioni, kukiwa na watoto wanarukaruka majini na mashua zinarudi, ni sababu tosha. Kupitia bandari hii, kati ya 1909 na 1913, yalipakiwa masanduku ya mifupa ya dinosaria wa Tendaguru yaliyoshushwa kutoka porini vichwani mwa wapagazi. Mifupa hiyo iko Berlin hadi leo.

Kutoka Lindi mnapita Mchinga, mnashuka bonde la Mbwemkuru na kupanda tena. Hapa ndipo miguu inapopimwa. Vijiji vya Kiranjeranje, Mandawa na Hoteli Tatu vina maduka, mama ntilie na mafundi. Nangurukuru ni njia panda yenye pilikapilika za abiria na mabasi. Pindeni kulia, kilomita kama 30, hadi Kilwa Masoko, na mkae huko usiku mbili.

Msipite Kilwa mkiwa na haraka. Kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani kinakatwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Vukeni asubuhi, kwa sababu mchana kusi unainua mawimbi. Ibn Battuta alifika hapa 1331 akaandika sifa za mji huu, na msikiti mkuu na Husuni Kubwa, jumba la masultani, vimesimama kama magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wakati wa kutoka, chepukeni Kilwa Kivinje. Huko Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, kiongozi aliyepinga utawala wao, mwaka 1895, na wazee wa mji wanajua kusimulia kuliko kibao chochote.

Kuelekea kaskazini mnavuka mto Matandu, na milima ya Matumbi inakaa upande wa kushoto, ambako Vita vya Maji Maji vilianzia 1905. Somanga ni mahali pa kula samaki. Wanakaangwa barabarani, mabasi yanasimama, unakula umesimama na limau mkononi. Lalani hapo, mjaze maji, kwa sababu kutoka Somanga hadi Ndundu, karibu na mto Rufiji, ni kilomita kama 60 zenye vivuli vichache. Lita nne kila mtu. Kabla hamjafika, pigeni simu kwa mtu wa eneo hilo mkaulize hali ya madaraja. Mei 2024 mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara maeneo ya Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili.

Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lina urefu unaokaribia kilomita moja na lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa pantoni. Simameni mtazame mto, lakini msishuke kuoga wala msipige hema kando yake. Rufiji ina mamba na viboko. Ng'ambo ni Ikwiriri, kisha Kibiti, Bungu, Mkuranga. Hapa njia ni rahisi, na magari yanaongezeka.

Hatua ya sita: kupiga hodi

Kila siku mnaweza kulala gesti ikiwa mtapanga vituo vyenu kwenye miji. Lakini pancha mbili na upepo mmoja wa ubavuni vinatosha kuwakuta saa kumi jioni mkiwa kijiji kisicho na gesti. Msiogope. Kuna utaratibu, na ukiufuata utapokelewa karibu kila mahali.

Shukeni kwenye baiskeli kabla hamjawafikia wazee. Kuamkia mtu mzima ukiwa juu ya tandiko ni kumsalimia ukiwa njiani kuondoka. Sukumeni, vueni miwani ya jua, mwenye umri mkubwa kati yenu atangulie. "Asalamu alaikum" au "Shikamooni", kisha mngoje. Ulizeni habari za pale, za mvua, za ufuta mwaka huu. Halafu: "Tunaomba kuelekezwa kwa mwenyekiti."

Kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji toeni vitambulisho bila kuombwa. Semeni mmetoka wapi, mnakwenda wapi, mnataka kuondoka saa ngapi. Akiwapeleka kwa mtendaji mkaandikwe kwenye daftari la wageni, nendeni kwa furaha. Hasa kuanzia Rufiji kwenda juu msione usumbufu. Kibiti, Mkuranga na Rufiji zilipitia mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi, na mwaka 2017 ndio uliokuwa mbaya zaidi. Watu walizika ndugu zao. Mgeni anayejitambulisha mapema, kukiwa bado mchana, anawapa usingizi.

Ombeni kidogo. Msiseme "tunaomba chumba". Semeni, "Tunaomba sehemu ya kujinyoosha, hata baraza la ofisi, tuna hema letu na mchele wetu." Mwenyeji akitaka kuwapa zaidi, atawapa mwenyewe. Mara tatu tuliomba baraza, na mara tatu tulilala ndani ya nyumba.

Vaeni kwa heshima. Kaptula za baiskeli ni za barabarani. Mkikaribia kijiji mfunge kanga au kikoi, au mvae suruali juu. Ikiwa ni Ramadhani, msile wala kunywa hadharani mchana, na mjue mama ntilie wengi watakuwa wamefunga hadi magharibi. Mmoja wetu alikwenda msikitini kuswali magharibi katika kijiji kimoja, na aliporudi alikuwa na wazee wanne nyuma yake waliotaka kuona baiskeli na kuuliza kama kweli tumetoka Mtwara.

Chakula kikiletwa, kuleni. Kama kuna kitu hampaswi kula kwa afya, semeni kabla jiko halijawashwa, siyo sahani ikishawekwa.

Hatua ya saba: namna ya kushukuru

Jioni ya siku ya tatu, ng'ambo ya Mbwemkuru, mwenyekiti alitupeleka kwa bibi mmoja mwenye nyumba mbili: ya udongo aliyokuwa akiishi, na ya bati aliyoijenga mwanawe anayeuza mitumba Dar. Ile ya bati ilikuwa na kufuli. Bibi alitutazama wote wanne, mavumbi hadi kwenye nyusi, akaingia ndani akatoka na funguo kwenye ncha ya kanga.

Tulianza kushukuru. Akatukatiza: "Na wangu wako kwa watu."

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi. Neno lenyewe *machinga* watu husema limetoka kwa Wamachinga wa mkoa wa Lindi, vijana waliopanda mjini kutafuta riziki na kutembeza bidhaa mkononi. Karibu kila nyumba ya njia hii ina kijana aliyewahi kufika Dar bila pa kulala, akapokelewa chumba kimoja cha Mbagala au Tandika na mtu aliyemjua kwa jina la kijiji tu. Kwa bibi yule tulikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Alikuwa anamlaza mwanawe.

Kabla ya kulala alituletea ndoo ya maji ya kuoga, imejaa. Tukaoga wanne, tukaimaliza. Asubuhi, saa kumi na moja na nusu, nilisikia mlango, nikamwona anatoka na dumu kichwani. Nikamuuliza maji yako wapi. Akanyoosha kidole kwenye bonde. Kisima kilikuwa mwendo wa karibu nusu saa kwenda, na kurudi ni kupanda. Ile ndoo yetu ya jana ilikuwa safari yake nzima.

Hapo ndipo keria ilipopata kazi. Tulishusha mizigo yote, tukafunga dumu mbili za lita ishirini kila baiskeli, moja kila upande, kama tulivyoona vijana wa kijiji wakifanya. Tukaenda mara mbili. Kupanda tulisukuma, tukisaidiana. Tulijaza pipa la bibi, tukajaza na la jirani yake. Tuliporudi mara ya pili alikuwa amechemsha ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa kule kusini, akaimwaga kwenye ungo ikiwa bado inatoa mvuke, akatufundisha kuimenya kwa vidole na kuila na chumvi. Tuliondoka saa nne badala ya saa kumi na mbili, na siku hiyo ndiyo iliyotukuta na gurudumu linalolia.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa ni huu. Ukifika kwa mtu, uliza maji yanatoka wapi kabla hujaoga. Oga kwa nusu ndoo. Kabla ya giza au asubuhi mapema, mwombe dumu uende ukachote. Hatakubali mara ya kwanza. Omba mara ya pili, au zungumza na wajukuu, wao watakuonyesha njia. Baiskeli yenye keria imara inabeba kwa safari moja kile ambacho yeye anakibeba kichwani kwa safari mbili au zaidi.

Fedha usimpe mwenyeji mkononi mbele ya watu. Wengi wanaona umeugeuza ukarimu wao kuwa gesti. Nenda duka la kijiji hicho hicho, nunua sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia, umpe mama wa nyumba kwa utulivu: "Hii ni ya watoto, mama." Duka limepata mteja na nyumba imepata chai. Kwa mafundi na waendesha mashua ni tofauti. Hiyo ni kazi yao, lipa bei kamili, na akikataa acha kitu chenye faida kwa kazi yake. Mfuko wa shukrani uwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, usisubiri chenji.

Na usipige picha mtu kabla ya kuomba. Ukiruhusiwa, andika jina lake na namba yake ya simu kwenye daftari, pamoja na jina la kijiji na kituo cha basi kilicho karibu. Utavihitaji.

Hatua ya nane: kuingia Dar

Lalani Mkuranga na muingie Jumapili alfajiri. Kuanzia Kongowe barabara inajaa daladala, bodaboda na mikokoteni, na mtu aliyezoea ukimya wa mikorosho anachanganyikiwa haraka. Mbagala Rangi Tatu shukeni msukume. Tulikunywa supu hapo, tumekaa kwenye benchi la mbao, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Hatua ya tisa: baada ya safari

Jioni ile ile wapigie simu wenyeji wote kuwa mmefika salama. Wanangoja. Bibi wetu hana simu. Tulimpigia mwenyekiti, akasema atampelekea habari baada ya swala.

Ndani ya wiki mbili chapisheni picha kwenye karatasi, siyo kuzituma kwa simu tu. Ziwekeni ndani ya bahasha ngumu, mbili mbili kwa kila nyumba, pamoja na kitu kidogo. Sisi tulimtumia fundi wa mwembeni paketi ya gololi, na bibi tulimpelekea dumu mbili mpya zenye vifuniko vinavyobana. Pelekeni kituoni, mpe kondakta wa basi la Lindi au Mtwara, lipa, chukua namba yake. Mpigie mpokeaji umwambie basi limeondoka saa ngapi ili akasubiri barabarani. Jina la kituo liandikwe juu ya mzigo kwa herufi kubwa na wino mweusi pande zote mbili, maana basi likichelewa kondakta atausoma gizani kwa tochi ya simu, na hatasimama muda mrefu.